Maganda ya Solfrid Brennmo

Ganda la kwanza la risasi lilipasuka Alhamisi ya pili ya Mei, na Solfrid Brennmo akacheka. Lilipasuka mdomoni, ufa mwembamba kama unywele, jambo la kawaida kwa ganda lililokwisha kupigwa na kujazwa upya mara ishirini na zaidi. Alilinyanyua akalitazama kwenye mwanga, kisha akalitumbukiza mfukoni mwa koti.

"Hili limechoka," alisema. "Nililipe kiinua mgongo."

"Na wewe chako ulishachukua?" Kolbein alimdakia kutoka mstari wa tatu wa uwanja wa shabaha. Kolbein hajawahi kupitwa na utani.

"Mimi nilipewa nyonga mpya. Wewe subiri, watakupa kichwa."

Tulicheka wote, na Arnljot, shemeji yake, alicheka kuliko sisi. Mimi nilikuwa mezani na daftari langu, maana ndimi katibu wa chama cha walenga shabaha wa Kvernlia, mwaka wa kumi na tisa huu. Nayaeleza haya kwa sababu niliyaona kwa macho, na kwa sababu kuna mahali mkono wangu mwenyewe umo.

Bunduki ya Solfrid ina zaidi ya miaka mia na arobaini. Hupiga risasi moja moja. Nyuma ya mtutu kuna mlango mdogo wa chuma unaoshikwa na pini mbili nene. Unaufungua kwa kidole gumba, unatia risasi, unaufunga. Ilikuwa ya baba wa babu yake Eivind, marehemu mumewe. Eivind alipokaribia kufa alimwachia Solfrid bunduki hiyo, hakumwachia mdogo wake Arnljot. Kijijini tulidhani Arnljot ameyapokea vizuri. Alikuwa akimwita Solfrid shemeji kwa sauti ya kubembeleza, akimkatia kuni kila vuli, na Krismasi yeye na mkewe Målfrid walikula kwake nyama ya mbavu za kondoo.

Risasi za bunduki kama ile haziuzwi dukani. Unazitengeneza mwenyewe: ganda la shaba ya manjano, fataki ya kuwashia kitakoni, baruti nyeusi ndani, na kichwa cha risasi unachokiyeyusha na kukimimina jikoni. Ukishapiga, ganda unabaki nalo. Unaliosha, unalinyoosha, unalijaza tena. Solfrid alikuwa amefanya kazi hiyo miaka ishirini na sita, kwanza na Eivind, halafu na Arnljot, mezani pake, kila Jumapili alasiri, redio ikiwa chini na maandazi bapa ya kuokwa kwenye chuma na jibini la kahawia katikati.

Basi wiki ile ya Mei, maganda mengine mawili yalipasuka mdomoni. Solfrid hakubabaika. Shaba ikigongwa na kubanwa mara nyingi inakakamaa kama ngozi ya ng'ombe isiyopakwa mafuta, na dawa yake ni moto: unalishika ganda kwa vidole kitakoni, mdomo wake unaupitisha kwenye ndimi za moto mpaka vidole viseme basi, unalidondosha majini. Kitako hakiguswi na moto kabisa, kwa sababu kitako kikilainika ndipo ganda linapokuwa la hatari. Alilainisha maganda thelathini hivyo, Arnljot akiwa ameketi mbele yake anakunywa kahawa.

Juni ikaja na balaa. Solfrid alipiga risasi ya nne ya mchana, tukasikia mlio usio wake, mlio bapa, na moshi ukatoka nyuma badala ya mbele. Aliangusha bunduki kwenye mkeka akashika uso. Nyusi moja ilikuwa imeungua. Kolbein, mstari wa pili kutoka kwake, alikuwa amejishika shavu na damu inapita katikati ya vidole. Kipande cha shaba kama ukucha kilikuwa kimemkata chini ya jicho.

Ganda lilikuwa limekatika vipande viwili, kitako huku, mwili kule, kama soseji iliyokatwa kwa kisu.

"Hii siyo mdomoni tena," Solfrid alisema. "Hii ni kitakoni. Kwa nini kitakoni?"

Arnljot alikuwa wa kwanza kufika. Aliokota vile vipande, akavitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, ingawa siku ile sikulihesabu hilo. Kisha akamshika bega.

"Shemeji," alisema polepole, lakini sote tulisikia, "umeyachoma mno. Moto umeshuka mpaka kitakoni."

"Nimeyashika kwa vidole, Arnljot! Ulikuwepo!"

"Nilikuwepo. Vidole vyako baada ya operesheni, na zile dawa za maumivu... hata huhisi chai ya moto. Si nilikuona ukishika birika?"

Solfrid alitazama ncha za vidole vyake kana kwamba ni za mtu mwingine.

Wiki mbili baadaye kamati ilikutana kwenye kibanda chetu cha uwanjani. Tulikuwa watano. Kolbein, kovu bado bichi, hakutaka mtu aadhibiwe. Alisema shavu lake lilikuwa baya tangu zamani. Lakini Arnljot aliomba kusema, na aliyasema mambo yenye kuumiza kwa upole ambao sijausahau.

"Nampenda kama dada yangu wa tumbo moja. Ndiyo maana nasema mimi, asiseme mwingine. Hawezi kujaza risasi tena. Siku nyingine itakuwa jicho, au roho ya mtu. Na ile bunduki ipumzike. Nitaitundika ukutani kwangu, ndani ya familia, atakuja kuitazama apendapo."

Mwenyekiti akauliza wanaokubali Solfrid azuiwe kupiga risasi alizotengeneza mwenyewe. Mikono minne ilipanda. Wangu ulikuwa wa pili. Solfrid alikuwa ameketi karibu na mlango, mkongojo kati ya magoti. Hakulia. Aliniomba kalamu, akatia sahihi chini ya azimio lililomhusu yeye, akanirudishia kalamu.

"Asante, katibu," alisema.

Julai yote hakuonekana uwanjani. Målfrid aliniambia dukani kwamba Solfrid ameacha hata kupika jemu, anasema haamini mikono yake na sufuria. Mara mbili Arnljot alikwenda kuichukua bunduki, na mara mbili Solfrid alimwambia, "Wiki ijayo, shemeji. Niiage kwanza."

Kuaga huko ndiko kulikomfungua macho, na aliyonisimulia baadaye ni haya.

Alitaka kumpa Arnljot kila kitu kikiwa safi: bunduki, vifaa, na maganda yaliyobaki. Eivind alikuwa amemfundisha kuweka maganda katika masanduku ya mbao, kila safu na tarehe yake. Akaanza kuyapangusa moja moja. Mwishoni mwa sanduku la mwaka huu alikuta maganda manne mapya, aliyoyanunua Aprili na kuyapiga mara moja tu mwanzoni mwa Mei. Hayo hayajaonja moto. Alikuwa ameyasahau.

Akalichukua moja, na kwa kumbukumbu tu akafanya jambo ambalo Eivind alilifanya kwa kila ganda: alichukua waya mwembamba uliopindwa ncha kama ndoano, akaupitisha ndani, akaukwaruza ukutani mwa ganda kutoka chini kwenda juu. Karibu na kitako, waya ulikwama. Ulianguka ndani ya mfereji mdogo, ukatoka. Akajaribu la pili. Ukakwama. La tatu, la nne.

Shaba ilikuwa imevutwa pale mpaka ikawa nyembamba, pete nzima kuzunguka ndani. Na maganda haya hayakuwahi kupikwa.

Akayatoa masanduku yote ya nyuma, akayamwaga mezani. Alikaa hapo toka asubuhi mpaka kahawa ikapoa mara tatu. Maganda ya mwaka juzi: waya unateleza. Ya vuli iliyopita, hata ya siku ya mwisho ya Oktoba: unateleza kama kidole kwenye kioo. Ya Aprili na kuendelea: mfereji, kila moja.

"Ingvald," aliniambia, "nililia pale. Nililia kwa furaha. Vidole vyangu vilikuwa vyangu."

Furaha haikudumu. Kama kosa si la moto, basi ni la bunduki. Alichukua ganda tupu, akabandika kitakoni kipande kimoja cha utepe wa gundi, ile nyembamba ya kufungia zawadi, akalitia ndani ya bunduki na kufunga mlango wa chuma. Oktoba, alipofanya hivyo mara ya mwisho kabla ya kuifunga bunduki kwa majira ya baridi, kipande kimoja tu kilitosha kuuzuia mlango. Aliandika hivyo kwenye daftari. Sasa mlango ulifunga. Vipande viwili, ukafunga. Vitatu, ukafunga. Vilipofika vinne ndipo ukagoma.

Maana yake, ukipiga, ganda lina nafasi ya kurudi nyuma kabla ya kukutana na mlango. Mdomo umeng'ang'ania mtutu, kitako kinasukumwa, katikati panavutika. Mara ya kwanza pete, mara ya pili ufa, mara ya tatu shavu la Kolbein.

Chuma cha miaka mia na arobaini hakijinyooshi chenyewe kabatini. Kati ya Oktoba na Aprili Solfrid hakuigusa bunduki. Februari na Machi alikuwa mjini Trondheim, kwanza hospitali, kisha kwenye nyumba ya mazoezi ya viungo. Ufunguo wa nyumba na wa kabati la silaha alimwachia Arnljot, ili apashe nyumba joto mabomba yasigande, na aipake bunduki mafuta.

Hakutaka kuliwaza wazo lililofuata. Alilipeleka kwa fundi.

Fundi anaitwa Steinar, yuko upande wa Røros, mtu wa maneno machache. Aliibana bunduki kwenye jiliwa, akagonga zile pini mbili nene zikatoka. Akaiviringisha moja juu ya kioo cha meza. Ilikuwa inarukaruka kama gari lenye tairi bovu.

"Imepinda," alisema. "Na tundu lake limekuwa yai. Umepigia baruti ya kisasa?"

"Sijawahi. Maisha yangu yote ni baruti nyeusi."

"Basi mwingine amepigia. Nyeusi inasukuma polepole, haiwezi kufanya hivi. Na siyo risasi moja, mama. Nadhani kumi, ishirini." Akamtazama. "Aliyekuwa anapiga alijua. Mlango ulikuwa unakataa kufunguka. Fataki zilikuwa zimebonyea kama sahani. Hakuna mtu anayepiga bunduki ya namna hii akakosa kuona."

Kutoka kwa Steinar alikuja kwangu moja kwa moja. Nilikuwa naanika samaki nje. Alisimama na mkongojo wake, hakukubali kuketi.

"Katibu, Machi kulikuwa na mashindano ya silaha za kale, yale ya majirani zetu ng'ambo ya mlima. Matokeo huwa wanatuletea?"

"Huwa wanatuletea."

"Nionyeshe."

Nilijua kilichomo kabla sijavuta droo. Arnljot alikuwa wa tatu siku ile. Barua ilipofika nilimpigia simu kumpongeza, nikamwambia nitaibandika ubaoni. Alisema, "Usibandike, Ingvald. Sipendi kujionyesha." Nikaona ni unyenyekevu. Nikaitia kwenye droo. Arnljot hana bunduki ya kale, na mimi ndiye ninayeandika nani ana bunduki gani. Sikujiuliza.

Kwenye mashindano yale kila mshiriki huandika mwaka na namba ya silaha, ili wakaguzi wajue ni ya kale kweli. Solfrid alivaa miwani. Alisoma jina la shemeji yake, akapeleka kidole taratibu kwenye mstari mpaka kwenye namba. Hakuhitaji kulinganisha popote. Namba ile anaijua kama tarehe ya harusi yake.

"Tarehe kumi na nne," alisema. "Siku hiyo alinipigia simu. Aliniambia nyumba iko salama, kila kitu kipo mahali pake. Tukacheka, Ingvald. Alinisimulia paka alivyolala kwenye kofia ya Eivind."

"Solfrid, mimi..."

"Nipeleke kwake. Nyonga inauma."

Tulimkuta Arnljot ghalani, anashusha majani makavu. Alituona, akashuka ngazi huku anatabasamu, anajipangusa jasho.

"Karibuni! Shemeji, umeamua? Nimeshapigilia misumari ukutani, inakusubiri."

Solfrid alimwekea maganda mawili kiganjani na ule waya uliopindwa.

"La Oktoba. La Aprili. Chokoa."

"Nini tena?"

"Chokoa, shemeji. Umenifundisha kwamba vidole vyangu vimekufa, basi tumia vyako."

Hakuchokoa. Alitazama maganda, akanitazama mimi, akaona karatasi mkononi mwangu. Rangi ilimtoka.

"Ilikuwa risasi ishirini tu," alisema.

Labda nilitegemea abishe. Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi. Lile "tu" lilinichoma.

"Baruti yangu nyeusi ilikuwa imeisha," aliendelea haraka haraka. "Duka limefungwa, mashindano kesho. Nilikuwa na ile ya bunduki ya kuwindia. Nilipunguza! Nilitia kidogo sana, shemeji, nilikadiria..."

"Ulianza lini kuona fataki zimebonyea?"

Arnljot aliugeuza waya kiganjani.

"Ilikuwa ya ngapi, Arnljot?"

"Ya tatu."

"Ukapiga kumi na saba zaidi."

"Nilikuwa naongoza!" Sauti ilimpasuka. "Maisha yangu yote nimemtazama Eivind akipiga bunduki ya babu zangu. Babu zangu, si zako. Akafa akakupa wewe. Nilitaka siku moja. Siku moja tu niipige, nione jina letu juu."

Solfrid aliinamisha kichwa. Nilidhani amelainika, na nadhani Arnljot naye alidhani hivyo, kwa sababu alipiga hatua kumwendea.

"Ungeniomba," Solfrid alisema. "Ningekupa. Ningekujazia risasi mwenyewe kitandani hospitalini. Hilo la Machi ningeweza kulimeza, Arnljot. Ulishikwa na tamaa. Mtu hushikwa. Lakini Aprili uliniwekea mkononi kitu ulichojua kimevunjika, ukaniambia umekipaka mafuta. Ukakaa nyuma yangu uwanjani kila Alhamisi, unanitazama nikiweka shavu langu pale. Kila Alhamisi."

"Nilifikiri labda kitashika..."

"Na kilipokatika, ulikuja ukanishika bega."

Arnljot alirudi nyuma hatua ile moja.

"Miezi miwili siwezi kumimina chai bila kuogopa," Solfrid alisema. "Nilimwambia daktari nimeanza kupoteza akili. Alinipangia vipimo vya kichwa. Kichwa, Arnljot! Na wewe unapigilia misumari."

Akanyoosha mkono. Arnljot alimrudishia maganda na waya, lakini Solfrid alibaki ameunyoosha.

"Ufunguo."

Ufunguo ulikuwa kwenye pete moja ya funguo na ule wa trekta, na vidole vya Arnljot vilishindwa kuuchomoa. Hakuna aliyemsaidia. Målfrid alikuwa ametoka jikoni, amesimama kwenye ngazi za nyumba na taulo, alikuwa amesikia. Mpaka tunaondoka hakumtazama mumewe.

Kamati ilikutana Septemba. Niliandika kikao hicho mwenyewe na sikukipamba. Azimio lilifutwa. Arnljot alituma barua ya kujitoa kabla hajaitwa. Mistari miwili, hakuna samahani ndani yake. Kolbein alipoambiwa ukweli wa shavu lake hakutania. Alivaa kofia akatoka nje.

Steinar alichonga pini mpya nene kidogo na kuyapekecha matundu yakawa duara. Lakini alimwambia Solfrid wazi kwamba chuma chenyewe kimevutika, hakirudi kilivyokuwa. Atapiga risasi nyepesi tu, za mita mia, na kila mwaka aupime mlango. Mashindano makubwa basi.

Krismasi ile Målfrid alikuja peke yake na mikate myembamba kwenye kitambaa. Solfrid alimkaribisha, wakala pamoja, na viti vingine vilibaki ukutani. Arnljot alikuwa ameandika kadi. Solfrid aliisoma, akairudisha kwenye bahasha, akamwambia Målfrid aende nayo. Sijui iliandikwa nini. Wanaishi umbali wa mashamba mawili, na mwaka mzima sasa hawajasalimiana.

Mimi nilimwomba radhi mara ya kwanza siku ile ya ghalani, garini, na mara ya pili Aprili, msimu ulipofunguliwa, alipokuwa anatandika mkeka wake.

"Wewe hukusema uongo, katibu," alinijibu, bila kuinua macho. "Ulikuwa na karatasi kwenye droo, na mkono ukauinua. Kila mtu na lake."

"Naweza kufanya nini?"

Alifikiri. Alichukua ganda, akapitisha waya ndani, akasikiliza kwa vidole, akaliweka kando na kuchukua lingine.

"Waambie wasisimame nyuma yangu," alisema. "Yeyote. Nikipiga, nataka nyuma pawe wazi."

Nikachukua chaki, nikachora mstari sakafuni nyuma ya mkeka wake, nikarudi mezani kwangu. Alilala, akaweka shavu kwenye bunduki, akaliondoa, akaliweka tena. Ilimchukua muda mrefu kabla ya kupiga.